Lete Sauti

Jumatatu, 3 Machi

Naanza kuandika leo kwa sababu Pili, mke wangu, amechoka kunisikiliza. Kasema, "Anuari, hayo majigambo yaandike. Karatasi haina masikio ya kuuma."

Haya. Mimi hapa, Anuari Kombo, fundi wa simu na kompyuta, Biharamulo mjini, kibanda cha kijani karibu na soko. Babu yangu alitoka pwani na mzigo wa kanga na chumvi. Kanga ziliisha, chumvi ikaisha, ulimi wake nikaurithi mimi. Nimefika Mwanza, Kigali, Bujumbura na Dar es Salaam. Nairobi nilirudishwa siku hiyo hiyo, lakini nilifika. Shule niliishia kidato cha pili, na nasikia shule haijapona mpaka leo.

Mvua zimeanza. Funga ya pili. Nina kiu.

Jumatano, 5 Machi

Danstan kaja kibandani na alama ya majivu usoni. Ni mwalimu wa kompyuta sekondari kule Kaniha, Mhangaza wa Ngara, mtoto wa kanisani. Kidato cha kwanza na cha pili tulikaa dawati moja. Mimi nilinakili hesabu zake, yeye alinakili Kiswahili changu. Kwao herufi l hakuna. Kulala kwake ni kurara. Ndiyo maana mimi namwita Mwarimu, naye ananiita Mswahiri. Jina langu ndilo analolisema bila kosa, maana lina r yake.

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima vimekutana, basi tukakaa wanaume wawili wenye njaa, kila mmoja na sababu zake.

"Jicho ra kushoto rimekwisha," akasema. "Ra kuria nachunguria kama kwenye bomba."

Nilizicheka zile r kabla sijasikia maneno yenyewe. Halafu nikayasikia.

Ni presha ya macho. Daktari wa Mwanza kamwambia kilichokwisha kuondoka hakirudi, na kilichobaki kinaondoka. Mwezi wa tano wanakuja wakaguzi. Wakiona hawezi kufanya kazi bila mtu wa kumsomea, watamstaafisha kwa maradhi. Danstan ana miaka thelathini na minane.

Lakini amesikia kuna programu inayosoma kioo cha kompyuta kwa sauti. Ukibonyeza, inasema. Shida ni kwamba mashine za shule ni za misaada, kila moja imetoka kwake: nyingine zina Windows, nyingine Ubuntu, na Mac mbili za zamani alizoziacha padri mmoja. Anataka mashine yoyote atakayokaa mbele yake aweze kuitia sauti mwenyewe. Bila fundi, bila macho.

"Mimi bira kufundisha ni nini, Anuari?"

Nikamwambia nitamtengenezea kitu ambacho hata Kigali hakipo. Nimesema hivyo kwa watu wengi. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeogopa baada ya kusema.

Jumamosi, 8 Machi

Nieleze, siku nikifa wajue nilikuwa nani.

Kila mfumo wa kompyuta una mtunza ghala wake. Ukitaka programu, Windows ina namna yake ya kuombwa, Ubuntu ina yake, na Mac nayo ina maringo yake. Ni kama kwenda kuazima jembe lile lile nyumba tatu: kwa Mhaya, kwa Msukuma na kwa Mhangaza. Jembe ni moja, salamu ni tatu, na ukikosea salamu hupewi hata mpini.

Basi mimi naandika mkalimani. Nimemwita "lete". Unaandika "lete sauti" na kubonyeza. Yeye anaiuliza mashine kwanza, wewe wa nyumba gani? Ikijibu, anakwenda kwenye mlango wa mtunza ghala wa nyumba hiyo, anabisha kwa lugha ya hapo, anachukua programu, anaisimika, anaiwasha. Neno moja kwa nyumba zote.

Pili kauliza, "Na ukiandika 'lete sukari'?"

Nimeacha kumsomea.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Sijafanya kitu.

Ijumaa, 14 Machi

Ubuntu imekubali! Nimebonyeza, mashine ikakohoa kidogo, halafu ikasema kwa sauti ya mwanaume aliyemeza bati: "Karibu." Pili akatoka chumbani mbio na upawa mkononi.

"Nani huyo umemwingiza ndani mwezi mtukufu?"

Jumatatu, 17 Machi

Windows inakataa. Nimemwambia Pili kosa ni la Windows.

Jumatano, 19 Machi

Windows imekubali. Mac inakataa. Nimemwambia Pili kosa ni la Mac. Akasema, "Na kesho litakuwa la serikali."

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda Kaniha kwa pikipiki, tope mpaka magotini. Mnara wa simu kule ukinyeshewa unalala, kwa hiyo nimeweka programu zote za nyumba tatu ndani ya flashi. Lete hahitaji tena mtandao, ghala anatembea nalo mfukoni.

Priscila, mke wa Danstan, kanipokea. Danstan kajimiminia maji pembeni ya kikombe, na Priscila kapangusa meza kama jambo la kila siku. Nadhani ni la kila siku.

Tulifanya mazoezi. Nimemfundisha kufungua lile dirisha jeusi la maandishi kwa vidole tu, vibonyezo vitatu. Anashika haraka, kuliko mimi, na hili nalisema hapa tu. Kisha akaandika. Nikaangalia kioo: rete sauti.

Nilicheka mpaka Priscila akatoka jikoni. "Mwarimu Rete! Hata mashine umeanza kuifundisha Kihangaza!"

Naye akacheka. Akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo, akalitafuta kosa kwa lile jicho la bomba, akalifuta. "Nimesahihisha, Mswahiri."

Nikamwambia ni mstari mmoja tu wa kuongeza, lete akubali r na l, yote sawa.

"Hapana," akasema, na kicheko kikamtoka usoni. "Usiongeze. Mimi ni mwarimu. Nitaandika sawasawa."

Nikasema haya.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Danstan na Priscila walikuja kula pilau. Pili alimsogezea nyama karibu na mkono bila yeye kujua. Danstan akaikuta, akasema nyumbani kwetu sahani ni ndogo kiasi kwamba kila kitu kiko karibu. Tukacheka wote. Mvua ilinyesha kutwa.

Ijumaa, 11 Aprili

Mkuu wa shule, Mwalimu Malongo, kanipigia simu. Ni Msukuma mrefu anayeongea kama yuko ng'ambo ya mto hata ukiwa pembeni yake.

"Fundi! Hiyo sauti ni ya kweli au ni maneno ya mjini?"

"Ya kweli, Mkuu. Mac moja tu imebaki."

Halafu akashusha sauti, kitu ambacho sijawahi kukisikia. "Juzi ameingia darasani shati kageuza nje ndani. Watoto wamecheka. Amedhani wanamcheka mwenzao, akawatuliza."

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nilipiga simu kuwasalimia. Priscila kaniambia kwenye mkesha Danstan alimnong'oneza, "Mshumaa wa Pasaka wamewasha?" Ulikuwa unawaka mbele yake.

Jumanne, 29 Aprili

Mashine zote zimeongea! Zote, na Mac ya padri ndani yake! Tuliziwasha pamoja, darasa likawa kama gulio la Benaco kule njia ya Ngara, kila mmoja anataja bidhaa yake na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Wanafunzi walipiga meza. Malongo alipiga makofi, bati likatikisika.

Danstan alipita katikati ya madawati, akiweka kiganja juu ya kila mashine kama anabariki watoto. Alipofika kwangu akaweka kiganja juu ya kichwa changu.

"Na hii?" akauliza. "Hii mbona haizimiki?"

Nimerudi nyumbani nikiimba. Wakaguzi waje hata kesho.

Ijumaa, 9 Mei

Wanakuja Jumatano. Nimeuliza kwa simu kama bado anaona chochote. Akasema, "Mwanga wa dirisha." Nikamwuliza kuhusu ule mstari wa r na l. Akasema, "Anuari, tumeshamariza hiro."

Jumatano, 14 Mei

Wakaguzi walifika saa nne, mama mmoja wa makamo na bwana mmoja mpole mwenye miwani. Priscila alikuwa amemfunga Danstan tai. Alifundisha kipindi kizima. Mashine zikamsomea, akasahihisha kazi za watoto kwa kusikiliza, akamjua aliyechelewa kukaa kwa mlio wa kiti. Mama mkaguzi alitabasamu. Mimi nilikuwa nyuma, nimevimba kama chapati ya moto.

Ndipo yule bwana akasema, bila ubaya wowote, "Mwalimu, hizi alishazitayarisha fundi. Ikija mashine nyingine na fundi amesafiri, utafanyaje?"

"Nareta sauti mwenyewe. Mashine yoyote."

"Hata hii yangu?" Akatoa laptopu kwenye mkoba.

"Hata hiyo."

Nilifurahi! Lile ndilo swali letu. Kazi yote ya masika tuliifanyia lile swali.

"Basi," akasema bwana, "fundi atupishe kidogo."

Nikatoka. Nikasimama dirishani na wanafunzi, chini ya mchirizi. Na mvua ikaja. Mvua ya mwisho wa masika ina hasira ya mtu anayefukuzwa, na darasa lile ni bati tupu, halina dari. Usingesikia hata gari likikugonga.

Nilimwona akipapasa ubavu wa laptopu, akaupata mlango wa flashi. Akafungua dirisha jeusi kwa vile vibonyezo vitatu. Safi. Akaandika. Akabonyeza. Akainamisha sikio.

Wote wakainama. Mama mkaguzi, bwana wa miwani, Malongo na urefu wake wote. Kioo kilinipa mgongo, sikuona kilichoandikwa. Nikajiambia sauti ipo, mvua inaifunika. Naamini kila mtu mle ndani alijiambia hivyo. Danstan akaandika tena, akainamisha sikio. Akaandika tena. Mwisho sikio lilikuwa karibu kulala juu ya kibodi, kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto mgonjwa. Nikagonga dirisha. Nani angenisikia?

Halafu mvua ikakatika ghafla, na tukasikia wote kwamba hakukuwa na kitu.

Bwana wa miwani akaigeuza laptopu upande wake.

"Umeandika 'rete', Mwalimu."

"Ndiyo," Danstan akasema. "Rete."

"Rete?"

"Rete. Rete sauti."

"Ndiyo, ndivyo ilivyo hapa," bwana akasema, kidole kwenye kioo. "Rete sauti."

"Sasa mbona haireti?" Danstan akauliza.

Wanafunzi walionizunguka wakacheka. Kicheko kile nakijua. Ni changu, niliwazoesha mwenyewe kila nilipokuja na "Mwarimu" yangu. Malongo akageuka akawatazama, wakatawanyika. Mimi nikabaki pale dirishani na matone ya mchirizi yakiniingia shingoni.

Mama mkaguzi akasimama, akamshika Danstan mkono kwa mikono yake miwili. "Umefundisha vizuri, Mwalimu. Pole sana."

Hiyo pole tuliielewa wote.

Nilimsindikiza kwake, kiganja chake begani kwangu. Nilisema "kushoto" na "kulia" tu, mimi ambaye sijawahi kunyamaza hata kwa daktari wa meno.

"Mvua irificha sauti?" akauliza.

"Hapana. Uliandika r."

Tukapita dimbwi. Nilimwambia dimbwi, akaliruka.

"Ningeona, ningesahihisha."

"Najua."

"Ure mstari wako..."

"Uliukataa kwa sababu nilicheka, Danstan."

Lakini kiganja hakukitoa begani.

Ijumaa, 16 Mei

Malongo kapiga simu, na kaongea taratibu. Danstan anapewa likizo ya ugonjwa, halafu utaratibu wa kustaafu. Alijaribu kumtetea. Namwamini.

Jumapili, 18 Mei

Nimeongeza ule mstari. Anayeandika rete na anayeandika lete sasa wanahudumiwa sawa. Imenichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nimejaribu mashine zote tatu za hapa kibandani. Zimeniitikia zote, karibu, karibu, karibu. Nikazizima.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua zimekwisha. Pili kaniuliza kama naumwa, maana jana mteja kanitukana na sikumjibu.

Ijumaa, 30 Mei

Danstan amehama. Fuso limebeba vitanda na viti, yeye na Priscila mbele kwa dereva. Anarudi kwao Ngara, kwa mama yake. Wanafunzi walikuja kubeba vyombo. Mmoja wa waliocheka alibeba makabati mawili peke yake, na hakutaka kusaidiwa.

Nilikuwa nimemletea kibodi chakavu isiyounganishwa na kitu. Aliniomba yeye, hakuniambia ya nini. Aliipakata njia nzima, Priscila amesema kwa simu jioni, kama kuku wa safari.

Nilimwambia, "Safari njema, Mwalimu." Kwa l. Nilijitahidi.

Jumanne, 10 Juni

Nimetoka Biharamulo alfajiri na laptopu yangu nzuri, ile ninayowaringia wateja. Benaco nilishuka basi, nikachukua pikipiki mpaka kilimani kwao. Mama yake, Mama Auleria, alikuwa anaanika kahawa kwenye mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yuko nyuma ya nyumba. Mwambie are, mimi hanisikii."

Nilimkuta amekaa na ungo wa maharage, anachambua kwa vidole, mabovu kushoto, mazima kulia. Hakukosea hata moja. Macho yalikuwa wazi, yakiangalia migomba, na hayakuwa yakiangalia migomba.

"Hujambo, Mwalimu."

Akasimamisha vidole. "Mwarimu kwa l? Nani amekufa?"

Nikatua mkoba wa laptopu chini.

"Tangu ire siku huniiti jina rangu. Priscira ananiongeresha kama mgonjwa, mama kama mtoto, na wewe sasa kama mkuu wa wiraya. Niite jina rangu."

"Mwarimu," nikasema.

"Ego," akasema, yaani "ndiyo" kwa Kihangaza. "Sasa umefika. Kaa."

Nikampa laptopu mapajani, na flashi mkononi. Nikafungua kinywa kumwambia habari ya ule mstari, kwamba sasa aandike apendavyo. Akaniwahi.

"Nyamaza kwanza. Nimejifunza." Akaweka vidole juu ya kibodi. "L iko chini ya kidore cha pete, mkono wa kuria. Wiki nzima naitafuta kwenye ire mbovu yako, Priscira anaangaria. Nimeioa kabisa."

Akafungua dirisha jeusi. Akaandika polepole, na kila alipofika kwenye l alisimama, kidole kikapapasa, kikatulia, kikabonyeza. Nilisoma kioo: lete sauti.

Bila kosa. Mstari wangu haukuwa na kazi.

Na mashine ikasema, "Karibu." Mama Auleria kule mbele akaitikia, "Asante!"

Danstan alicheka. Mara ya kwanza tangu Kaniha. Akasema, "Ngoja sasa nikuandikie wewe." Akaandika muda mrefu. Kidole cha pete kilikuwa hakipumziki, kinakwenda kwenye l na kurudi kwenye l, mpaka nikaona anaifikia hata asipoihitaji. Kisha akabonyeza, na lile dume la bati likasoma kwa Kiswahili chake kilichonyooka, tulivu, mbele ya migomba na kahawa:

"Ndugu yangu Anuali. Kalibu Ngala. Mahalage yamekomaa, na mimi bado ni mwalimu."

Kuku walikuwa wanapekua maganda. Jina langu, ambalo miaka yote hii ndilo pekee alilolisema sawa.

Uso ameuelekeza kwangu, kidogo pembeni ya pale nilipokaa. Anasubiri.

"Iko sawa?" akauliza. "Hakuna kosa?"

"Hakuna hata moja, Mwarimu."